Sanna Marin alikosea kuacha ubunge?

Ndugu zangu, kila akitajwa Sanna Marin tunarudi kwenye ile video ya Agosti 2022, waziri mkuu wa Ufini akicheza muziki na marafiki zake. Alipimwa dawa za kulevya, hakukutwa na kitu. Kwangu hilo limekwisha. Ninaloomba tulijadili ni Septemba 2023, alipoacha ubunge akaenda kuwa mshauri katika taasisi ya Tony Blair, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza.

Mimi nasema alikosea, na nasema hivyo nikiwa namheshimu sana. Huyu alikulia katika nyumba ya kipato kidogo, akafanya kazi ya keshia, akawa wa kwanza katika ukoo wao kuingia chuo kikuu. Desemba 2019, akiwa na miaka 34, alishika serikali ya vyama vitano, kila chama kikiongozwa serikalini na mwanamke. Ikaja korona, ikaja vita ya Ukraine, na Mei 2022 Bunge likaunga mkono ombi la kujiunga na NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, kwa kura 188 dhidi ya 8.

Uchaguzi wa Aprili 2023 chama chake kiliongeza viti kutoka 40 hadi 43, lakini kikawa cha tatu, na Petteri Orpo, kiongozi wa chama kilichoongoza, akaunda serikali. Marin mwenyewe alipata kura 35,628. Kule mpiga kura huandika namba ya mgombea anayemtaka, si jina la chama tu. Kwa hiyo watu hao walimchagua yeye. Miezi mitano baadaye kiti kikaenda kwa mgombea wa orodha ya chama chake aliyefuata kwa kura baada ya walioshinda. Hakuna uchaguzi mdogo.

Wapo wanaosema kiongozi wa zamani akibaki humfunika mrithi wake. Kwa uenyekiti wa chama nakubali, na aliuachia vizuri. Ubunge ni jambo jingine. Serikali ya Orpo ilikuwa inakuja na mpango wa kupunguza posho za wasio na kazi na ruzuku za makazi, yaani inawagusa watu wa nyumba kama ile aliyokulia. Nani angewasemea kwa uzito kuliko yeye?

Mnaomtetea, naomba mnijibu hili kwanza: kama chama kilihitaji jina lake ili kivune kura, je, waliompa kura hizo hawakustahili kuambiwa mapema kwamba huenda asikae?