Naomba ushauri: usipa wanaitika taa, wavu ukipanda wameshazama

Wakuu, naomba msaada kuhusu uvuvi wa usipa (samaki wadogo kama dagaa) kwa taa, Matema, Ziwa Nyasa. Ni siku za giza, mwezi haushindani na taa. Mtumbwi una taa mbili za LED, wati 10 kila moja, kwa betri ya volti 12, saizi ya N50. Chaji inafika alfajiri. Usipa wanakuja vizuri: maji yanameta kama fedha, kundi linazunguka upande mmoja. Wavu ukianza kuvutwa, wote wanazama, inabaki ndoo moja.

Nashuku kivuli. Taa zimefungwa ukingoni, kwa hiyo mtumbwi ukiyumba kivuli chake kinapita juu ya kundi na kulishtua. Mkondo nao unausukuma wavu ubavuni, vizito vinachelewa kushuka.

Je, nizime taa moja, kisha nyingine niififishe taratibu kabla ya kuvuta? Au taa ikae kwenye boya lake, mbali na mtumbwi? Na vizito niongeze gramu ngapi kwa mita bila kuchana wavu wenye macho madogo? Kokoro (wavu wa kuburuta hadi ufukweni) na chandarua tafadhali msinishauri, vinamaliza samaki wachanga.