Binti yangu hasemi kitu kwenye semina

Mama wa Wete: Asalam aleikum. Binti yangu katoka Pemba, yuko chuo Tunguu, mwaka wa kwanza. Kwenye semina hafungui mdomo, anasema wenziwe wamezoea kubishana na mhadhiri. Nimwambieje?

Mwaka wa tatu: Waalaikum salaam, mama. Aandike swali moja usiku, akifika alisome kama lilivyo. La kwanza ndilo zito. Nami nilianza hivyo hivyo.

Mhadhiri: Bibi, amwendee mshauri wake wa taaluma wiki hii hii, asingoje matokeo. Wanaonijia mapema tunapanga masomo pamoja. Anayekuja keshafeli, njia zimebaki chache. Inaniuma sana.

Mama wa Wete: Ahsanteni wanangu. Nampigia leo baada ya Isha.