Hita ya filta si mfumo wa kupasha mafuta: wauzaji wa vifaa vya mafuta ya mimea wanatuharibia injini

Ndugu mafundi na madereva,

Nimefungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Watu wanaouza vifaa vya kubadilisha injini za dizeli ili zitumie mafuta ya mimea wanatuharibia magari kwa kufanya nusunusu kazi ya kupasha mafuta moto, ambayo ndiyo kazi yenyewe waliyolipwa kuifanya, na injini inapokufa wanasema kwamba mafuta yalikuwa machafu.

Gari langu lilifungwa matangi mawili, moja la dizeli ya kuwashia na kuzimia, jingine la mafuta ya kanola, pamoja na hita ya umeme kwenye filta na taa ya kijani kwenye dashibodi ya kunijulisha kwamba mafuta yameshapata moto na naweza kubadilisha tangi. Niliifuata taa hiyo kama nilivyoelekezwa. Injini ilianza kuwa nzito kuwaka, ikatoa moshi mweupe, ikapoteza nguvu mlimani. Nozo, yaani vifaa vinavyopulizia mafuta ndani ya silinda, zilipofunguliwa, kila tundu lilikuwa limezungukwa na masizi magumu yaliyojijenga kama ukingo wa kikombe, ambayo hayakutoka kwa kitambaa wala kwa petroli mpaka yalipokwanguliwa. Kijiti cha kupimia oili kilipochomolewa, oili ilining'inia kwa uzi mrefu badala ya kudondoka.

Yeyote aliyewahi kuishughulikia injini ya namna hii anajua dalili hizo zinatoka wapi. Dizeli ya kawaida, kwa kiwango cha Ulaya cha EN 590, ina mnato (kipimo cha uzito wa mafuta kutiririka, ambacho hutajwa kwa sentistoki) wa kati ya sentistoki 2 na 4.5 inapopimwa kwenye nyuzi 40 za Selsiasi. Mafuta ya kanola kwenye nyuzi hizo hizo yana mnato wa kama 35, na hata ukiyafikisha nyuzi 100 yanabaki na kama 8. Mafuta mazito hayapasuki kuwa ukungu yanapotoka kwenye nozo, bali huruka kwa matone makubwa yasiyowahi kuungua yote. Yale yasiyoungua huacha masizi kwenye nozo, hugandisha ringi za pistoni, kisha hupita kando ya ukuta wa silinda na kushuka hadi kwenye oili, ambako huungana yenyewe kwa yenyewe na kuifanya iwe nzito kama niliyoiona mimi. Ndiyo maana mafundi makini husisitiza kwamba mafuta yasiingie kwenye pampu inayoyasukuma hadi kwenye nozo kabla ya kufika walau nyuzi 70.

Sasa tuipige hesabu hita ya filta, kwa sababu muuzaji hakuipiga, au aliipiga akanyamaza. Lita moja ya mafuta haya ina uzito wa kama gramu 920, na kila kilo huhitaji takriban kilojuli 2 ili ipande nyuzi moja. Tuseme pampu inavuta lita 30 kwa saa (pampu huvuta zaidi ya kinachounguzwa, na ziada hurudi tangini). Kuyatoa mafuta hayo kwenye nyuzi 20 hadi 70 kunahitaji zaidi ya wati 750 bila kukatika, yaani zaidi ya ampea 60 kwenye betri ya volti 12. Hita niliyofungiwa ilikuwa ya wati 150. Kwa mtiririko huo inaongeza nyuzi kama 10 tu, kwa hiyo mafuta yaliyoingia yakiwa na nyuzi 20 yanafika kwenye pampu yakiwa na nyuzi 30, na bado unaambiwa ni mfumo kamili.

Joto lipo tele, tena bure, kwenye maji ya rejeta. Mfumo wa haki huyapitisha maji hayo tangini, kandokando ya bomba la mafuta hadi mbele, kwenye filta na kwenye kibadilisha joto cha sahani (kifaa ambamo maji ya moto hupasha mafuta kupitia sahani nyembamba za chuma) kilicho karibu na pampu, na hita ya umeme huja mwisho kumalizia. Mafuta ya ziada nayo yanaweza kurudishwa kabla ya filta badala ya kwenda tangini, ili joto lisipotee, mradi hewa ipewe njia ya kutoka. Hakuna siri hapo. Ni hozi, viungio na saa za kazi, na hizo ndizo walizozikwepa.

Jambo lililonikasirisha kuliko yote ni ile taa ya kijani. Tulipofuatilia nyaya zake tulikuta kihisi joto kimefungwa kwenye hozi ya maji ya rejeta, wala si kwenye bomba la mafuta. Taa ilikuwa inanieleza habari za maji huku mafuta yakipita pembeni yakiwa baridi. Hiyo siwezi kuiita bahati mbaya, kwa sababu aliyekifunga alikuwa na hozi zote mbili mbele ya macho yake. Isitoshe, bomba alilotumia lilikuwa la shaba, ilhali inajulikana kwamba shaba huharakisha kuharibika na kuganda kwa mafuta ya mimea, hasa yakiwa ya moto. Alumini au chuma kisichoshika kutu ndivyo hutumika.

Nilipolalamika nilijibiwa kwamba Rudolf Diesel, aliyebuni injini ya dizeli, alitumia mafuta ya karanga. Ni kweli kwamba injini ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900, lakini injini za wakati huo zilisukuma mafuta silindani kwa hewa iliyoshindiliwa na zilizunguka polepole. Pampu ya kuzunguka iliyomo kwenye gari langu hulainishwa na mafuta yale yale inayoyasukuma, na vipuri vyake vimekaribiana mno kiasi kwamba mafuta mazito na baridi yanaweza kuikwamisha au kuivunja. Mnamtaja marehemu ili msijibu kuhusu kihisi.

Muuzaji ninayemlalamikia anasoma kurasa kama hizi, kwa hiyo namtaka ajibu hapa mambo mawili: hita yake inaongeza nyuzi ngapi pampu ikivuta lita 30 kwa saa, na kwa nini kihisi chake hakigusi mafuta. Nanyi mliofungiwa mfumo wa aina hii, fuateni waya wa taa yenu leo kabla ya kubadilisha tangi tena, kisha wekeni hapa picha ya mahali ulikoishia na kipimo cha joto la mafuta kwenye mlango wa pampu injini ikiwa na mzigo.