Wimbo unasambaa bure mtandaoni: mtunzi, mwimbaji na prodyuza walipwe vipi?

kinanda_cha_mbao: Wakuu, wimbo wetu unapita simu hadi simu kama MP3, na kwenye majukwaa ya kusikiliza upo pia. Hatujaandikiana chochote. Tuanzie wapi? Na hilo faili tulifukuzie?

fundi_masta: Anzeni na karatasi. Wimbo mmoja una haki mbili: ya utunzi, yaani maneno na melodi, na ya rekodi yenyewe, ile masta. Pesa zake hupita njia tofauti, kwa hiyo kila haki iwe na mgawanyo wake, jumla 100%, tarehe na sahihi za wote. Mmoja akisajili kwenye chama cha hakimiliki kwamba fungu lake ni 50% na mwenzake 70% kwenye utunzi uleule, malipo yanaweza kuzuiwa mpaka mwafikiane.

Halafu ISRC, namba ya rekodi yenye herufi na tarakimu 12. Remiksi hupata mpya, lakini mkihama msambazaji, yaani anayewapelekea wimbo kwenye majukwaa, rekodi ileile ibaki na yake ya zamani. Wengi huharibu hapo: namba ikibadilika, hesabu ya usikilizwaji hukatika vipande viwili.

mtunga_beti: Tazameni na hesabu yenyewe. Majukwaa mengi hutia ada zote za wasikilizaji chungu kimoja, kisha hugawa kwa idadi ya mara wimbo uliposikilizwa. Wasikilizaji wawili wamelipa 100 kila mmoja. Wa kwanza kasikiliza ninyi tu, mara 10, wa pili kasikiliza wengine mara 90. Kabla ya makato mnapata 20, ilhali mgao wa kufuata msikilizaji ungewapa 100 nzima ya yule wa kwanza. Chungu kimoja ni uonevu kwa wasanii wenye mashabiki wachache waaminifu. SoundCloud ilianza mgao wa kufuata msikilizaji 2021. Spotify, tangu 2024, hailipi rekodi isiyofikisha mara 1,000 katika miezi 12. Uzeni pia wenyewe: Bandcamp, tovuti ambako msanii huuza moja kwa moja kwa mashabiki, hukata 15% ya muziki wa kidijitali, mbali na ada ya malipo.

fundi_masta: Faili linalozunguka, msimfukuze msikilizaji. Toeni MP3 rasmi, ndani yake mjaze majina yenu, ISRC na kiungo cha mnapouza, ili anayeupenda ajue pa kulipia. Wa kufuatilia ni tovuti inayovuna matangazo kwa wimbo wenu. Ombi la kuondoa litaje kiungo kamili cha faili. Jina la tovuti peke yake halitoshi.

kinanda_cha_mbao: Ahsanteni. Prodyuza tulishamlipa ada ya biti, bado ana asilimia?

mtunga_beti: Ikiwa melodi ya biti ni yake, yumo kwenye utunzi, isipokuwa amesaini kuiachia. Kaeni naye kabla hamjasajili.