Mteja wangu wa jumla ameombea usajili jina la mabuyu yangu

Bi_Kibokoni

Asalaam aleikum wenzangu. Nauliza wanaoijua sheria ya alama za biashara hapa Kenya.

Natengeneza mabuyu na achari nyumbani, Kibokoni, Mombasa, tangu 2016. Jina la bidhaa ni lakabu ya marehemu nyanya yangu. Pakiti ina picha ya jahazi aliyonichorea binti ya dada yangu. Jina la biashara nimelisajili kupitia eCitizen, cheti ninacho, na kibali cha KEBS, shirika la viwango, ninacho. Kuna mwenye duka la jumla Nairobi niliyekuwa nikimpelekea mzigo, akaacha kuagiza ghafla. Juzi nimeletewa barua ya wakili wake: niache kutumia jina hilo ndani ya siku 14, eti ni lake na ombi la usajili liko KIPI, ofisi ya serikali inayosajili alama za biashara. Mabuyu anayouza sasa si yangu, hata iliki hayana! Lakini jahazi ni lile lile, amegeuza rangi tu.

Cheti changu hakina maana?

Kijana_Changamwe

Huyo ni mwizi, mama. Nenda kwa watu wa bidhaa ghushi wakamvamie dukani kesho asubuhi.

KaraniMstaafu

Kijana ana moyo mzuri ila ana haraka. Kwa jina usilolisajili, pale utafika mikono mitupu. Na huyo bwana akishapata cheti, yeye ndiye atakayewatuma hao maofisa kwako.

Bi mkubwa, mimi si wakili. Nilikuwa karani wa masjala kortini, na majalada ya ugomvi wa majina nimeyabeba mengi. Karibu kila jalada lilikuwa na mtu aliyeshika cheti kama chako na kukiamini kupita kiasi. Cheti cha jina la biashara kinaonyesha nani anafanya biashara kwa jina gani, basi. Jina lililo kwenye pakiti linalindwa na Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, na daftari lake liko KIPI, Nairobi.

Nijibu mambo mawili kwanza. Ombi lake limeshachapishwa katika jarida la KIPI, na kama ndiyo, tarehe gani na daraja gani, yaani kundi gani la bidhaa? Pili, huyo binti ulimlipa kwa ile picha?

Bi_Kibokoni

Mpwa wangu ameliona. Limetoka kwenye toleo la mwezi uliopita, daraja la 30. Binti nilimnunulia simu kama malipo. Hatukuandikiana kitu.

KaraniMstaafu

Alhamdulillahi, basi bado hajasajiliwa. Ombi likishachapishwa, mtu yeyote ana siku 60 tangu tarehe ile kuweka pingamizi kwa msajili. Hesabu leo hii, na hesabu kutoka tarehe ya jarida, si siku uliyopata barua. Wengi huteleza hapo. Wakishateleza hubaki na njia ya kuomba alama iliyokwisha kusajiliwa ifutwe, na hiyo ni safari ndefu zaidi. Ikipita miaka 7 baada ya usajili, kuing'oa ni kazi hasa.

Pingamizi huwekwa kwa maandishi na sababu zake. Yako ni nyepesi kueleza: sheria inataka mwombaji awe anadai kwamba alama ni yake, na huyu alikuwa akiinunua kwako. Ukishaweka, naye ana siku 42 kujibu. Asipojibu, huhesabiwa ameliacha ombi lake. Nimeona wababe wa barua kali wakinyamaza hapo hapo.

Akijibu, ushahidi hutolewa kwa tamko la kiapo, na hapa ndipo watu hushinda kesi au hushindwa. Toa taarifa za M-Pesa alizokulipa, vitabu vya risiti, stakabadhi za basi lililompelekea mzigo, kibali cha KEBS chenye tarehe, na ujumbe wake wa WhatsApp akiagiza kwa jina lile lile. Usipige picha ya skrini peke yake. Simu yenyewe iweke, usiifute wala kuibadilisha. Pakiti za zamani ukizipata kwa mteja wa Marikiti au Kongowea, zina thamani kuliko maneno ya mashahidi kumi.

Na hata bila usajili, sheria haijakuacha uchi. Kuna kesi ya mtu anayepitisha bidhaa yake kana kwamba ni yako. Majaji wetu hupenda kuirejelea kesi ya Uingereza ya 1990, ya maji ya limau ya Jif yaliyouzwa ndani ya kichupa cha plastiki chenye umbo la limau. Utatakiwa kuonyesha kwamba wanunuzi wanaijua bidhaa kuwa yako, kwamba mwenzio anawapotosha, na kwamba unapata hasara. Ila hiyo ni ya korti, ina gharama. Mimi ningeanza na pingamizi.

Sasa lile jahazi. Watu hushikilia jina wakasahau picha, na kwako naona picha ina nguvu kuliko jina. Hakimiliki huzaliwa mchoro unapochorwa, haingoji cheti. Kwa sheria yetu, kazi uliyomwagiza mtu huhesabiwa imehamia kwako, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Simu ile ni malipo. Lakini mwandikiane sasa, kila mmoja atie sahihi, na mchoro wa kwanza wa penseli kama upo uhifadhiwe. Kubadilisha rangi hakumpi jahazi jipya. Kisha uandikishe KECOBO, bodi ya hakimiliki, kwa sababu cheti chao ni ushahidi wa awali, yaani hukubaliwa mpaka mwenzio aupinge, ukifika mbele ya hakimu.

Forodhani_ZNZ

Niongeze moja tu. Kama bidhaa inavuka kuja kwetu Unguja, usajili wa Kenya haufiki huku. Huku msajili ni BPRA. Na ukisajili BRELA, msajili wa Tanzania Bara, hiyo haigusi Zanzibar.

Bi_Kibokoni

Shukrani sana. Achari yangu je, nayo imo hatarini? Na ile barua niijibu au ninyamaze?

KaraniMstaafu

Achari iko daraja la 29, yeye ameomba la 30 lenye peremende na viungo. Kwa hiyo peleka ombi lako mwenyewe kwa madaraja yote mawili, usingoje ugomvi uishe. Fanya kwanza upekuzi wa daftari, fomu ya TM 27, ujue kama kuna mwingine.

Barua ijibiwe, kwa mkono wa wakili, aya chache: unakanusha, umetumia jina tangu 2016, utapinga ombi. Usimwage ushahidi wako wote humo. Akitaka kusuluhishwa, msikilize, ila usikubali ahadi ya mdomo. Aliondoe ombi kwa maandishi KIPI na pakiti zilizobaki zitoke sokoni kwa tarehe mtakayoiandika.

Na usimpigie simu. Wewe una hasira, na yeye huenda anarekodi.