Kusanidi ruta ya nyumbani kwa kompyuta yenye Ubuntu

Swali:
Habari za jioni, ndugu zangu. Nimenunua ruta mpya, na ndani ya boksi mna sidii ya usanidi inayofunguka kwenye Windows tu, ilhali kompyuta yangu inatumia mfumo endeshi wa Ubuntu. Fundi wa kampuni inayoniuzia intaneti anasema bila Windows hawezi kunisaidia. Je, itanilazimu kuazima kompyuta ya jirani?

Jibu la kwanza:
Hapana, ndugu yangu. Mipangilio yote hukaa ndani ya ruta yenyewe, hivyo kivinjari kinatosha. Chomeka waya kutoka kwenye kompyuta hadi tundu mojawapo la LAN (la vifaa vya nyumbani), si lile la WAN (la kuingizia intaneti), kisha fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike "ip route". Namba inayofuata maneno "default via", mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, ndiyo anwani ya ruta. Iandike kwenye Firefox, uingie kwa jina na nywila zilizobandikwa chini ya ruta.

Jibu la pili:
Naongeza kwamba, ikiwa kampuni yako inatumia PPPoE, yaani njia ya kuunganisha intaneti kwa jina na nywila, jina na nywila uliyopewa huwekwa kwenye ukurasa wa WAN wa ruta, wala si kwenye Ubuntu. Hapo ndipo wengi hukwama. Tafadhali sana, badilisha pia nywila ya msimamizi, na kwa Wi-Fi uchague ulinzi wa aina ya WPA2 au WPA3.

Muuliza swali:
Nawashukuru sana. Kweli ilikuwa PPPoE, na taa iliyokuwa nyekundu tangu asubuhi sasa ni ya kijani.