Ukoo Wetu: gari la Mama

Rehema: Habari za asubuhi wote. Narudia, gari la Mama limeanza vituko tena na Jumamosi ndo safari

Rehema: Naona tiki za bluu jamani

Zuhura: Vituko gani

Rehema: Ukitia D ya kwenda mbele linasusa kwanza halafu linashtuka ndo linaondoka. R ya kurudi nyuma inaingia fresh. Mlimani ndo balaa, unakanyaga mafuta injini inalia, RPM inapanda, gari haliendi

Shangazi: RPM ndo ile saa ya kushoto?

Mudi: Hilo gari au Salum akiambiwa aoshe vyombo 😂

Zuhura: 😂😂😂

Rehema: Mudi we ndo fundi humu ndani

Mudi: Haya. Hapo gia inaslipu, yaani haishiki. Msikimbilie kusema giaboksi imekufa, anza na oili ya giaboksi. Paki tambarare, injini iwe ya moto na inanguruma (gari zingine wanataka uzime, soma kitabu chake), pitisha P R N D taratibu urudi P ndo uchomoe stiki ya kupimia oili. Oili nzima mara nyingi ni nyekundu. Ikiwa kahawia na inanuka kuungua, klachi za ndani zinaliwa. Ikiwa pinki ya maziwamaziwa, maji ya rejeta yameingia, usiwashe tena

Rehema: Iko chini ya alama na imekuwa nyeusi. Na taa ya O/D (ile ya ovadraivu, gia ya juu) inawaka inazima

Mudi: Chini?? Giaboksi haichomi oili kama injini, kuna mahali inavuja. Taa ikiblinki kuna kodi ya kosa kwenye kompyuta ya gari, ntakuja na skana niisome. Ikitoka P0700 peke yake msikubali kuuziwa giaboksi, hiyo inasema tu kuna kosa, lazima uingie kwenye kompyuta ya gia usome lenyewe, inaweza kuwa P0750 ya solenoidi, vali ya umeme inayobadilisha gia

Zuhura: Oili mara ya mwisho aliweka nani vile

Salum: Tusianze

Salum: Niliweka oili nzuri

Mudi: Aina gani? Kila giaboksi ina yake

Salum: Nyekundu

Mudi: 🤦🏾

Salum: Kila kitu Salum. Hata lile la jenereta nilisingiziwa

Zuhura: La jenereta hukusingiziwa

Baba Mkubwa: Gari lisitoke mpaka Mudi alipime. Ufunguo akabidhiwe mama yenu leo. La jenereta nilishasema lisitajwe humu.

Rehema: Shikamoo Baba Mkubwa. Sawa

Zuhura: Shikamoo Baba. Tumesikia

Rehema: Mudi basi Alhamisi

Mudi: Alhamisi jioni, ikishindikana Ijumaa, skana niliazimisha. Tutafungua na sampu, bakuli la oili chini ya giaboksi, unga laini kwenye sumaku ni kawaida ila tukikuta vipande vya chuma hiyo ni kesi nyingine

Rehema: Na Jumamosi tunaenda na nini?

Shangazi: Hamjanijibu ya saa ya kushoto

Rehema: Ndiyo shangazi, inaonyesha injini inazunguka kasi gani. Salum ufunguo?

Salum: Ntampa Mama. Ila oili sinunui